Nyumba ya Arobaini na Moja

Simu ililia saa tisa za usiku,
na kabla ya sauti ya Ingrid Thorvaldson nilisikia maji.
"Lorne, dari ya jikoni imeshuka tumbo."
Nikavaa koti juu ya pajama,
nikavuka barabara, theluji ikisaga meno chini ya buti,
Saskatoon yote imelala, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na ndani ya namba kumi na nne kunanyesha.

Valvu kuu niliipata gizani.
Mimi ndiye niliyeiweka.

Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tulibomoa ukuta ili tuupate ufa:
bomba la kijivu, kwa nje zima, laini kama siku ya kwanza,
kwa ndani lina magaga,
kisigino cha mtu aliyetembea peku miaka thelathini na saba
bila kutoka nyuma ya jasi.

Nakumbuka lilivyokuja.
Mchuuzi kutoka Regina, tai ya njano,
alilikunja likamzunguka kiwiko,
akaligonga nyundo, akacheka.
"Shaba ni ya babu zenu. Hili, miaka hamsini."
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke mjamzito, deni la pikapu.
Bila moto, bila lehemu, unakata kwa mkasi kama kitambaa,
nyumba nzima siku moja na nusu!
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki kilikuja kwa miguu yake hadi mlangoni kwangu
wala sikukiuliza kimetembea toka wapi.

Hakuna aliyetuambia habari za klorini:
kwamba dawa ileile inayotukinga na kuhara
hulilamba bomba toka ndani, kidogo kidogo,
kila birika la chai, kila mtoto anapoogeshwa.

Ninalo daftari. Nyumba arobaini na moja.
Wasylyk, namba tisa: alilipa nusu taslimu, nusu viazi.
Okemaw, namba ishirini: bafu la pili, kwa ajili ya mama mkwe.
Dufresne, ya pembeni: alitaka bei ya chini, akapata.
Kulipokucha nikalikwapua, nikaanza kubisha hodi.
Wasylyk alinipa kahawa, hakunipa neno.
Okemaw tayari alikuwa na barua ya bima mezani:
badilisheni kabla ya Juni, au mtafute wengine.
Dufresne alifungua mlango kwa upana wa pua.
"Nauza mwezi wa tano," alisema. "Wewe hukufika hapa."

Kwa Ingrid alikuja Harleen Sekhon,
tochi mdomoni, magoti kwenye vumbi la jasi,
akipitisha mabomba mapya, jekundu la maji moto, la buluu la baridi.
Sikumwambia mimi ni nani.
Nilimpokeza spana alipoitaka, na mara mbili kabla hajaitaka,
akanitazama.
Viungo vyangu alivitupa kwenye ndoo, vikalia kama njugu.
Mwishowe nikashindwa kunyamaza:
"Na hili, litadumu miaka mingapi?"
Akatoa tochi mdomoni.
"Karatasi inasema hamsini."
Kisha akachomoa kalamu ya wino mzito,
akaandika juu ya bomba tarehe, jina lake, namba ya simu.
"Ili wajue wa kumtukana," alisema,
akairudisha tochi mahali pake.

Nyumba ya arobaini na moja ni yangu.
Haijafunguliwa bado. Mke wangu alichagua rangi ya kuta hizi
mwaka aliofariki, na jasi mpya haishiki rangi ya zamani.
Usiku nafunga bomba la jikoni,
nafunga la bafuni,
nasimama koridoni peku,
nikisikiliza ukuta ukimeza mate.