Maharage Mia Mbili na Hamsini

Mimi ndiye mtahini. Teona kaniteua
kwa kuwa sina kazi, na kwa kuwa sijui neno.
"Hivyo hutanionea huruma," alisema,
akanikabidhi saa ya jikoni, ile ya kupimia mayai,
na karatasi ya maswali aliyoyaandika upya
kwa herufi zetu za mviringo, nipate kuyatamka.
Nayatamka. Sijui ninauliza nini.
Pengine nauliza bei ya kaburi. Pengine hali ya hewa.

Hapa Kutaisi mvua imeingia wiki ya tatu.
Nguo tumezianika juu ya jiko,
soksi zinadondosha maji karibu na kamusi.
Ada ya mtihani ni pensheni yangu ya miezi miwili,
na nauli ya kwenda Tbilisi bado.
Sikumwambia kwamba nimeuza cherehani.
Ameliona pengo pale dirishani. Hakusema.

Jumanne ni insha. Anaandika, mimi nahesabu:
kila neno haragwe moja, toka bakuli hili kwenda lile,
maana lazima yatimie mia mbili na hamsini
na macho yake yakichoka hudanganya.
Insha yenyewe ni ya mchoro:
mistari inayopanda, mistari inayoshuka,
maji wanayokunywa watu wa miji mitatu nisiyoijua.
Yeye aliyeyapima maji ya mto Rioni miaka tisa,
akayanusa, akayajua kama mkwe anavyojuliwa,
leo anaambiwa asiseme anachokijua,
aseme tu mistari inafanya nini.
Mia mbili arobaini na tatu. "Bado saba, Teona."
Akauma kalamu. Akaurefusha mji mmoja.
Usiku tukaichemsha insha ile
kwa kitunguu na giligilani, tukaila yote.
Chumvi tu ilipungua.

Kinachomshinda, asema, ni "yeye."
Kule yeye wa kiume ana neno lake, wa kike ana lake,
humtaji mtu kabla hujamkagua.
Kwetu yeye ni yeye,
awe bwana harusi, awe ng'ombe,
na Teona akiharakisha
huwavika wanaume magauni.

Alhamisi ni kuzungumza.
Dakika moja ya kuwaza, mbili za kusema.
Nasoma swali. Ananyamaza kuliko kawaida.
Natega saa.
Anaanza, na kwangu ni mvua tu, mvua juu ya bati,
mara ulimi unachungulia katikati ya meno
kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kwa adabu.
Halafu, ndani ya mvua ile: Tamazi.

Tamazi tena.
Mikono yake inapinda chuma hewani,
inaonyesha kitu chenye magurudumu, anacheka kidogo.
Kwa lugha yetu hajalitaja jina la babake
tangu siku ya udongo. Miaka minne.
Nikilitaja mimi, huinuka akaosha vyombo vilivyo safi.
Na sasa anamsimulia mtahini,
mwanamke fulani mwenye saa ya mayai,
asiyejua neno.
Lile la kike, lakini, nimeshalijua kwa sauti.
Amelisema mara mbili. Amemvika babake gauni.
Sikumsahihisha.

Kengele ikalia. Nikaifunika kwa kiganja
kama unavyomziba mtoto mdomo kanisani.
Akaendelea. Dakika tatu. Nne.

Kisha akajifuta pua kwa mkono wa sweta.
"Umechelewa kunikatisha, Mama. Wale hawatangoja."
"Saa mbovu," nikasema.
Sikuuliza swali lilikuwa lipi.
Nikaisogeza karatasi kwenye taa,
nikasoma la tatu kwa matamshi yangu ya kuchekesha,
naye akakaa wima
akajibu.