Jumatatu Orodha Hutoka

Jumatatu orodha mpya hutoka.
Mama hupiga simu toka Gikomba, mitumba begani:
“Umepanda?”
Nimeshuka ngazi kumi na mbili.
Namwambia nimepanda kidogo, kama bei ya unga.

Zawadi ya Kigali ililipa hoteli,
haikufika kwenye nyuzi.
Nyuzi nafuma mwenyewe usiku,
raketi nimeipakata kama binti anayesukwa.

Asubuhi, Lavington, namfunza mtoto wa wakili.
Anauliza kama nimewahi kushinda.
Mara moja, nasema, raundi ya kwanza.
Simwambii mpinzani aliteguka kifundo.

Ananipigia mpira.
Naurudisha polepole, pale anapoupenda,
na mguu wangu, usiosikia la mkuu,
umeshakimbilia wavuni.