Chumba cha Ramani, Wete

Makamanda watatu, bendera tatu, meza moja.
Mkenya ana kalamu nyekundu, Msumbiji kijani,
wetu ana ya buluu, imekauka wino.
Tangu isha wanaulizana: nani amwamuru nani?

Saa tisa usiku redio ikakohoa:
chombo bila taa, kaskazini ya Kigomasha.
"Upande wenu."
"La, wenu."

Sajini Mize Faki, mshika daftari,
akanyanyua kikombe kilichosahauliwa juu ya ramani.
Chai ilikuwa imeacha duara,
nusu kwetu, nusu kwao,
mnara wa Kigomasha umo ndani.

"Humu," akasema, "aliye karibu aende.
Waliobaki wamsikilize yeye."

Kwenye waraka lina jina refu, lina na mihuri.
Sisi wa zamu ya usiku
twaliita Kikombe cha Mize.