Daftari la Karanga

Daftari ni la Chilewa, la hesabu, darasa la tatu.
Kurasa za nyuma hajazigusa, nikazikopa.
Nikapiga mstari katikati kwa rula iliyovunjika:
kushoto, karanga za chumvi kavu;
kulia, zilizolala usiku kucha kwenye maji ya chumvi.
Pakiti ishirini, ishirini. Bei moja, mia mbili.
Sinia moja. Mdomo mmoja,
nao niliufunga, nisije nikazipigia debe za upande mmoja.

Jioni, soko la Majengo, vumbi limeshatua kwenye nyanya za watu,
za kulia zimekwisha.
Za kushoto zimebaki kumi na moja. Tulizila wenyewe siku mbili.

Usinicheke. Kabla ya hapo nilikuwa napapasa tu.
Mama mkwe alisema tia sukari, nikatia.
Shemeji akasema hamia stendi, nikahamia.
Faida ikaja, ikaondoka, wala haikuaga,
nami sikumjua aliyeileta wala aliyeifukuza.

Mwezi wa nne nikatia ndimu.
Ndimu na pilipili ya unga, ncha ya kijiko.
Wiki ya kwanza pakiti sitini. Ya pili, tisini.
Ya tatu mia na arobaini: nikasimama jikoni
nikapiga vigelegele peke yangu, kuku wakatawanyika.
Nikaenda Kongwa kwa binamu Mazoya,
nikarudi na magunia mawili ya mkopo.

Mwezi wa sita ukaisha. Bunge likaahirishwa.

Ndiyo. Hivyo tu.
Magari meupe yakashika njia ya Morogoro,
nyumba za wageni zikaanika mashuka yote siku moja,
na wale madereva waliokuwa wakingoja mabosi huku wanatafuna
wakaenda kutafunia kwingine.
Nikafungua daftari. Nimeandika ndimu, ndimu, ndimu,
pale palipotakiwa kuandikwa: mji umejaa wageni.

Nilikaa juu ya gunia.
Deni lilikuwa chini yangu, gumu, lina punje punje.

Nikaanza upya. Kila alfajiri narusha sarafu ya mia:
ikilala kichwa, leo ndimu; ikilala swala, chumvi tupu.
Sichagui mimi. Mimi naijua Jumamosi,
na ndimu yangu ningeipa Jumamosi zote.
Pembeni naandika: upepo mkali. Mishahara imetoka.
Msiba mtaa wa pili, hakuna mtu sokoni.
Mwezi mzima nikiutii ule mduara wa shaba.

Ndimu: ishirini na moja kwa siku.
Chumvi tupu: ishirini na moja kasoro kidogo.
Niliipenda ile ndimu. Nikaiacha,
ikabaki harufu kwenye vidole siku kadhaa.

Kisha Sailowa, mlinzi wa benki, akasema bila kuulizwa:
"Hilo fundo lako la nailoni nalifungua kwa meno,
nusu ya karanga zinakuwa za kunguru."
Mimi nimehangaika na kinywa cha mteja,
kumbe tatizo lipo kwenye vidole vyake.
Koni za karatasi, basi, dhidi ya fundo. Sarafu ikaamua siku.
Wiki nne. Koni, mia nne na mbili. Fundo, mia tatu hazifiki.
Nikahesabu tena. Nikampa Chilewa naye ahesabu.
"Mama, umekosea. Ni mia tatu tisini na moja."
Nikafuta. Nikaandika ya kwake.

Gunia moja limelipwa. La pili bado lina masikio.
Kesho ninajaribu lango la chuo, saa kumi jioni,
na sijui, na kutojua huko siku hizi hakuniumi tumbo.

Ila daftari linakwisha: hesabu zake zinakuja toka mbele,
zangu toka nyuma, katikati zimebaki kurasa nne.
Juzi mwalimu amesahihisha akapitiliza,
akafika kwenye wiki yangu ya vigelegele,
pakiti mia na arobaini, ndimu, ndimu, ndimu,
akaandika kwa wino mwekundu:
*Jibu nimeliona. Njia iko wapi?*