Mlango Juu ya Gari

Baba aliuza ng'ombe, jiko la makaa, kabati,
hata kuku waliokuwa bado wakitaga.
Akabaki na Niva ya kijani yenye milango miwili
na mlango wa tatu, wa nyumba,
alioung'oa alfajiri, bawaba moja baada ya nyingine,
bila kumwambia mama.

Mlango wa mjozi. Ami Tatul aliuchonga
mwaka ule kabla ardhi ya Gyumri haijatikisika
ikameza karakana, randa, na yeye mwenyewe.
Nyumba ilianguka, mlango ukabaki wima
ndani ya fremu yake, umefungwa kwa ufunguo.
Miaka kumi na mmoja tukaishi kwenye kontena la bati
tukiingia na kutoka kwa mlango wa kitajiri.

Sasa umelala juu ya magodoro, juu ya gari.
Bibi Arusyak mbele, kwa sababu ya magoti yake.
Nyuma mama, Nairi, mimi,
na cherehani katikati ya miguu yetu
kama mtoto wa nne ambaye hakuna aliyemwuliza.

Mpakani Bavra afisa wa Georgia alizunguka gari mara mbili.
"Hiki nini?"
"Mlango."
"Na nyumba?"
Baba akaonyesha kaskazini kwa kidevu.
"Iko mbele."
Afisa akaandika kwenye fomu: *mbao, kipande kimoja*.

Nchi ya watu tuliipita
kama mtu apitaye sebuleni kwa jirani usiku,
viatu mkononi.
Tbilisi hatukusimama. Mama alihesabu madirisha yenye taa
mpaka hesabu ikampotea, akaanza kulia, akasema ni moshi.
Nairi aliuliza kama hawa nao wanahama.
Hapana, alisema bibi. Hawa wanakula.

Halafu milima, na theluji ya Novemba,
na barabara imefungwa.
Malori mia mbili, labda zaidi, yamezima injini.
Usiku wa kwanza tulicheka.
Usiku wa pili tulichoma kiti kimoja.
Dereva mmoja, Badri, alikuwa amebeba machenza kwenda Urusi;
akatupa ndoo nzima, akasema yataoza bure.
Maganda tuliyakausha juu ya injini.
Hadi leo nikimenya chenza
vidole vyangu vya miguu hufa ganzi.

Siku ya tatu foleni ikasogea, gari likateleza mtaroni.
Tulisukuma. Badri akasukuma. Magurudumu yakachimba kaburi lao.
Baba akasimama, akatazama juu ya paa,
akatazama pembeni haraka, kama aliyefumaniwa.

"Uteremshe," alisema bibi.
"Mama, ni mkono wa Tatul."
"Basi atusukume na yeye."

Tukaulaza chini ya matairi.
Ulilia mara moja, mlio mfupi, mkavu,
na Niva ikapanda.
Baba aliufuta kwa kofia yake,
akafuta tena pale palipokwisha safika.
Mpaka Lars hakuna aliyesema neno.

Stavropol tulipewa orofa ya nne.
Fremu nyembamba, mlango wa chuma tayari umo.
Ule wetu ulisimama ukumbini msimu mzima wa baridi
ukiegemea ukuta, tukiupita kwa ubavu,
mpaka siku mama aliporudi sokoni
na miguu minne ya meza na msumeno wa kuazima.
"Sikati mlango," alisema. "Nakata miguu."

Kwa hiyo ndipo tunapolia chakula.
Alama ya tairi inapita chini ya sahani ya Nairi,
tundu la kitasa liko upande wangu;
utotoni nilidondosha humo mbegu za zabibu,
moja moja, nikisubiri kusikia zinaangukia wapi.

Jirani yetu Lyudmila ana tabia, akisimulia jambo,
ya kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Ngo, ngo.
Na bibi, ambaye sasa hasikii vizuri,
huinua uso kutoka kwenye supu yake:
"Nani huyo? Karibu, pita,
hapajafungwa."