Karani wa Visiwa

Mezani kwangu, mtaa wa nyuma ya stesheni ya zamani, Moshi,
ninauza bahari ambayo sijaionja.

Wageni wanashuka mlimani wakichechemea,
pua zimebambuka, kucha za vidole gumba zimegeuka zambarau.
Dada, tutafutie mahali tambarare, penye joto.
Nawapangia.
Siku ya kwanza pomboo, alfajiri, kabla boti hazijawa nyingi.
Siku ya pili kima punju,
yule mwenye nywele za mtu aliyeamshwa kwa kelele,
anayeiba mkaa jikoni na kuutafuna
ili majani ya mwembe yasimchafue tumbo.
Siku ya tatu, Mafia: papa potwe,
mrefu kuliko lori la ndizi la Kiboriloni,
na hang'ati mtu. Anafungua mdomo tu, anainywa bahari
kama babu anavyokunywa mtori.
(Ya mtori ni yangu. Kwenye karatasi za ofisi hayamo.)

Nayajua yote kwa kichwa.
Kaa wa minazi hutoka usiku.
Paa nunga haonekani kirahisi, usimwahidi mtu.
Popo wa Pemba ana uso wa kijibwa,
hulala kichwa chini kajitanda mabawa
kama mama aliyejifunika kitenge safarini.
Miaka sita. Nauli ningeipata, si hoja.
Ila Desemba ndiyo tunauza, na Desemba hiyohiyo
ukoo mzima unapanda nyumbani
na ufunguo wa ghala ninao mimi.

Jumanne alikuja mama mmoja wa Boma Ng'ombe
na binti yake Ndeonansia, mapengo mawili mbele.
Kasa akitaga mayai, ni kweli analia?
Analia, nikasema.
Wewe ulimwona?
Nilimwona.
Mama akaendelea kuhesabu noti.
Yule mtoto akaendelea kunitazama.

Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, nikaenda Rau.
Msitu uko hapo tu, karibu na mji, hata jasho halijakutoka,
na mpunga umeuzunguka,
kijani kinachoinama na kuinuka, maji mpaka kwenye vifundo.
Nikasimama kwenye tuta.
Kumbe nimeishi jirani na kisiwa.
Elinihaki, mwongozaji, akatazama miguu yangu:
Dada, viatu hivyo tope litavila.

Likavila kimoja.
Ndani palikuwa na baridi ya chumba cha maziwa.
Chemchemi ilitoka chini ya mizizi bila kelele,
kama mtu anayelipa deni asitake kuonekana.
Elinihaki alinionyesha mti wa msoo, akaupapasa,
akasema kwingine huupati, kisha akajisahihisha:
labda unaupata, mimi sijafika kwingine.
Siafu walinipanda. Hondohondo walipita juu,
mabawa yao yakivuma kama mkeka unaokung'utwa.

Halafu mbega.
Kwanza tawi tupu likitikisika.
Kisha mmoja akaruka, na vazi lake jeupe likafunguka hewani,
mkia ukamfuata nyuma kama wazo la pili.
Akakaa. Akatafuna.
Akanitazama kama mteja anayengoja chenji,
nami nikajikuta natafuta cha kumpa.
Sikuwa na bei yake. Sikujua aandikwe siku ya ngapi.
Akakojoa kutoka juu kabisa, bila haraka,
karibu na mwavuli wa Elinihaki,
akaondoka zake.

Jumatatu nilimpigia mama wa Boma Ng'ombe.
Mwambie Ndeonansia sikumwona kasa. Sijamwona hata siku moja.
Akimwona yeye, anipigie,
aniambie kama ni machozi
au ni bahari tu inamchuruzika.

Simu ilinyamaza. Nilisikia kuku, na mtu akifua.

Na bei, akauliza, imebaki ileile?

Ileile, mama.