Herufi Mbili

Mimi ni mpiga chapa wa mahakama, hapa Mtwara.
Nimechapa mauaji, mirathi, talaka za wazee;
sijapata kukeshwa na neno dogo kama hili.

Hati ya bima ilikuwa kielelezo cha pili,
herufi zake punje za ufuta:
"Hatutalipa hasara ya unyevu na wadudu."

Ghala la Somoe Nankondya, kule Mahuta,
liling'oka bati usiku wa Machi.
Magunia mia na kumi ya korosho yakanywa mvua
hadi yakaota ukungu kama ndevu za beberu.
Mdudu hakuonekana hata mmoja.
Mkaguzi alipekua kwa tochi siku mbili.

Wakili wa kampuni alikuja na ndege ya asubuhi.
"Bango likisema marufuku sigara na pombe,
nani atadai anywe, mradi havuti?"
Tulicheka. Hata askari wa mlangoni.

Somoe hakucheka. Aliweka kiganja mezani:
"Ukiniambia njoo na mwanao,
nami nikaja peke yangu,
utasema nimefanya ulivyosema?"

Kimya.
Feni ikazunguka, ikikwama kila mzunguko wa tatu
(barua ya kuomba fundi tumeshaandika).

Hakimu Ngaponda alivua miwani.
Hakusema nani kati yao anajua Kiswahili.
Alisema neno hili lina milango miwili
na aliyeijenga ni mmoja.
Mama huyu hakupewa kalamu,
alionyeshwa tu pa kuweka dole gumba.
"Mlitaka 'au', mngeandika 'au'.
Herufi mbili kwa herufi mbili,
wino ni ule ule.
Shaka ya maandishi humwelemea mwandishi."

Wakili akasema watakata rufaa.
Somoe akauliza bei ya nakala ya hukumu,
akahesabu noti zake, akazihesabu tena,
akasema atarudi Jumatatu.

Jioni nikabaki na kazi yangu.
Kila nilipofika kwenye "na" vidole vilisita,
kama mtu anayekanyaga ubao uliolegea.
Ukurasa wa mwisho, mstari wa amri:
"Kampuni imlipe mdai fidia na riba."

Nikampigia hakimu simu, nyumbani, anakula.
"Mheshimiwa, vyote viwili?"
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikiwekwa chini.
"Vyote viwili," akasema. "Andika hivyo hivyo."

Nikaandika: vyote viwili.